Gurudumu Kubwa au Gurudumu Dogo?

UKURASA WA BIBI SHAMBA

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia katika magunia. Natumaini ya kwako yamekauka vizuri. Mwezi huu nitazungumza juu ya chombo ambacho wakulima wengi hukinunua baada ya kuuza mazao. Chombo hicho ni baiskeli.

Labda utauliza, "Bibi Shamba, baiskeli na kilimo wapi na wapi?" Nitakujibu. Baiskeli ni chombo cha kilimo kama jembe. Hupeleka mbegu na mbolea shambani. Huleta mavuno nyumbani. Hupeleka nyanya gulioni kabla hazijaoza. Siku ya shida humpeleka mgonjwa zahanati. Bodaboda zipo siku hizi, lakini bodaboda hutaka nauli kila safari. Baiskeli ukishainunua hutaka miguu yako tu, na kiraka mara mojamoja.

Ukienda mjini leo utaona baiskeli za namna nyingi. Kuna baiskeli nyeusi ndefu, yenye magurudumu makubwa, kama zile Raleigh, Swala na Phoenix ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Kuna baiskeli za gia, zenye magurudumu madogo zaidi na matairi manene yenye vijino. Vijana huziita maunteni, yaani baiskeli za mlimani. Tena kuna baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Muuza duka atakuambia kwamba zote ni nzuri. Je, wewe utachagua ipi?

KOSA LANGU

Kabla sijakufundisha, nataka nikuambie kosa langu mwenyewe. Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia.

Mimi nilisoma Chuo cha Kilimo Ilonga, nikapata cheti, nikapangiwa kazi hapa hapa wilayani Kilosa. Chini kuna bonde tambarare. Juu kuna milima ya Ukaguru. Kwa miaka mingi nilitembelea wakulima kwa baiskeli nyeusi yenye magurudumu makubwa. Ilinifaa sana. Ilipita kwenye mashimo na mizizi bila taabu. Ilibeba mbegu, pampu ya dawa na mimi mwenyewe. Kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nunua gurudumu kubwa. Hayo madogo ni mapambo ya vijana."

Siku moja baba mmoja wa mlimani alikuja kuniuliza. Alikuwa ameuza maharage, ana fedha mkononi. Nilimpa jibu langu lile lile. Hakubisha. Alininunulia hata soda kwa kunishukuru.

Masika yalipofika, alikuwa anashuka na debe mbili za maharage kwenda sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Rimu zilikuwa zimelowa. Alipobana breki, baiskeli haikusimama. Iliendelea kushuka, na mzigo ukaisukuma kwa nyuma. Kwenye kona alianguka. Mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Ndugu msomaji, ulikuwa wakati wa palizi. Mkewe alipalilia peke yake, mtoto mgongoni. Nusu ya shamba lao ilimezwa na magugu. Nilipokwenda kumpa pole, nilimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa kwa kanga.

Nilimwamkia, "Shikamoo, baba."

Akajibu, "Marahaba, Bibi Shamba. Karibu." Kisha akacheka kidogo, akasema, "Baiskeli yako ya bondeni imenikuta mlimani."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Lakini maneno yale sikuyasahau. Nilikuwa nimemshauri kwa njia yangu, si kwa njia yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu siku ile, mtu akiniuliza juu ya baiskeli, mimi humwuliza kwanza: Unapita wapi? Unabeba nini? Nani ataipanda? Spea utapata wapi?

Sasa tuchukue jambo moja moja.

UNGO NA MFUNIKO

Fanya jaribio hili nyumbani. Waite na watoto waone. Chukua ungo mmoja na mfuniko mmoja wa sufuria ndogo. Laza kijiti chenye unene wa kidole gumba juu ya ardhi. Sasa uviringishe ungo upite juu ya kijiti. Kisha uviringishe mfuniko.

Utaona nini? Ungo utapanda kijiti na kuendelea. Mfuniko utagonga kijiti, na pengine utaanguka hapo hapo.

Baiskeli ni vivyo hivyo. Gurudumu kubwa hupanda jiwe au mzizi polepole, kama mtu anayepanda ngazi fupi. Gurudumu dogo hugonga jiwe kwa uso. Kwenye shimo pia ni hivyo. Gurudumu kubwa huzama kidogo tu. Gurudumu dogo huzama zaidi, na mtikisiko hufika mgongoni. Kama umebeba trei ya mayai au tenga la nyanya, mtikisiko huo ni hasara.

Hiyo ni faida ya kwanza ya gurudumu kubwa. Faida ya pili ni kwamba likizunguka mara moja huenda mbali zaidi. Unaweza kupima mwenyewe. Tia alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa ardhi. Tia alama nyingine ardhini. Sukuma baiskeli mpaka alama ya tairi iguse tena ardhi. Pima urefu huo kwa futikamba.

Gurudumu la baiskeli nyeusi, linaloitwa inchi 28, huenda karibu mita 2.25. Gurudumu la baiskeli ya gia, linaloitwa inchi 26, huenda karibu mita 2.07. Kwa safari ya kilometa 10, lile kubwa litazunguka karibu mara 4,440. Lile dogo litazunguka karibu mara 4,830. Bondeni, kwenye njia ndefu na tambarare, gurudumu kubwa likishashika mwendo huenda vizuri bila kuchosha.

GURUDUMU DOGO NALO LINA SIFA ZAKE

Usidhani kwamba gurudumu dogo halina faida. Nilidhani hivyo zamani, na umeona matokeo.

Kwanza, spoki zake ni fupi. Ukilinganisha magurudumu mawili yaliyotengenezwa kwa namna moja, lile dogo ni imara zaidi na halipindi upesi. Ukitaka kuelewa, shika kijiti kirefu na kijiti kifupi vya unene mmoja. Ni kipi kinakunjika upesi?

Pili, gurudumu dogo ni jepesi. Huanza mwendo upesi, na hukata kona kwa urahisi kwenye njia nyembamba.

Tatu, keria yake inaweza kukaa chini kidogo. Mzigo ulio chini hauyumbishi baiskeli kama mzigo ulio juu. Akina mama wanaobeba ndoo za maji wanalifahamu jambo hili.

Nne, baiskeli nyingi za namna hii zina matairi mapana. Tairi pana halizami upesi katika mchanga. Lakini angalia: sifa hii ni ya upana wa tairi, si ya udogo wa gurudumu. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

KINACHOPANDISHA MLIMA NI MENO

Watu husema gurudumu dogo ndilo linalopanda mlima. Je, ni kweli? Ni kweli kidogo tu. Tufanye hesabu.

Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele, kwenye pedali, na meno 20 nyuma. Gawanya 44 kwa 20. Jibu ni 2.2. Maana yake, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.2. Kwa gurudumu kubwa utakwenda karibu mita 4.95. Kwa gurudumu dogo utakwenda karibu mita 4.55. Tofauti ni sentimeta 40 tu. Lile dogo ni jepesi kidogo kupanda, lakini si sana.

Sasa chukua baiskeli ya gia. Weka mnyororo kwenye meno 28 mbele na meno 28 nyuma. Gawanya 28 kwa 28. Jibu ni 1. Ukizungusha pedali mara moja utakwenda karibu mita 2 tu. Mwendo ni mdogo, lakini miguu haiumii, na mlima unapandika.

Umeona? Kinachopandisha mlima hasa ni meno. Kwa hiyo ukiwa dukani, hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Usione haya. Fedha ni zako. Na kama tayari una baiskeli nyeusi isiyo na gia, mwulize fundi kama anaweza kukuwekea frili yenye meno mengi zaidi nyuma, kama 22. Mlima utakuwa mwepesi kidogo.

KUSHUKA KUNA HATARI KULIKO KUPANDA

Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakovunja mifupa. Kwa hiyo mtu wa mlimani aangalie breki kabla ya kuangalia gurudumu.

Rimu nyingi za baiskeli za zamani ni za chuma. Chuma kikilowa, raba ya breki huteleza juu yake. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua. Utazijuaje? Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Iweke kwenye rimu. Ikinata, hiyo ni chuma. Isiponata, yaelekea ni alumini.

Hapa sasa nitakupa habari fupi ya kale, nayo ina mafunzo. Katika miaka ya 1970, huko California nchini Marekani, vijana walianza kushindana kushuka milima kwa baiskeli. Hawakuwa na baiskeli za mlimani, maana zilikuwa hazijatengenezwa. Walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene ya inchi 26, wakazitengeneza wenyewe. Mwaka 1976 walianza mbio katika njia moja kali sana. Breki ya nyuma ilipata moto mpaka grisi ikayeyuka na kutoa moshi. Kila baada ya kushuka iliwapasa kutia grisi upya. Kwa sababu hiyo njia ile iliitwa Repack, yaani jaza upya.

Baiskeli za mlimani za leo zilianzia kwa vijana hao. Basi kwa nini gurudumu lao lilikuwa 26? Je, walipima wakaona 26 ndilo bora? La. Lilikuwa 26 kwa sababu matairi manene ya 26 ndiyo yaliyopatikana. Walichagua gurudumu lenye spea.

Baadaye wenye viwanda walitengeneza tairi pana la inchi 29, na jingine la katikati la inchi 27.5. Watu wakabishana kwa miaka mingi: lipi ni bora? Katika mashindano ya Olimpiki ya London mwaka 2012, mshindi wa mbio za wanaume, Jaroslav Kulhavý wa Czech, alipanda magurudumu ya 29. Wa pili, Nino Schurter wa Uswisi, alipanda magurudumu ya 27.5. Walipishana kwa sekunde moja tu. Tena hao hawakubeba magunia.

Basi usikubali mtu akuambie kwamba ukubwa fulani unashinda mwingine mahali pote. Hata mabingwa wa dunia walipishana sekunde moja.

SOMA NAMBA UBAVUNI MWA TAIRI

Sasa nafika kwenye jambo kubwa la leo. Ukisahau mengine yote, ukumbuke hili.

Katika kijiji kimoja cha bondeni, baba na mama wa nyumba moja walinunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani. Ilikuwa nzuri, nyepesi, ya kike, isiyo na bomba la juu. Baba aliweza kuipanda, na mama pia aliweza hata akiwa amevaa kitenge. Waliitumia kupeleka nyanya gulioni.

Siku moja tairi la nyuma lilipasuka. Matenga mawili ya nyanya mbivu yalikuwa yanangoja. Baba alimwita kijana wake, akamwambia, "Nenda mjini ukanunue tairi la ishirini na sita." Kijana akaenda kwa miguu na kwa lifti. Akaomba tairi la 26, akapewa tairi la 26. Akarudi jioni.

Fundi wa kijiji akajaribu kulivika. Halikuingia. Akavuta, akatia sabuni, akatumia vijiko. Halikuingia hata kidogo. Baba akakasirika, akamwambia kijana, "Nilikutuma ishirini na sita!" Kijana akajibu, "Baba, si hili hapa, limeandikwa ishirini na sita?" Kweli, lilikuwa limeandikwa hivyo.

Mama alikuwa amemaliza darasa la kisomo mwaka ule. Alichukua kibatari, akainama juu ya tairi lililopasuka. Akasoma polepole, tarakimu kwa tarakimu. "Tatu, saba. Kistari. Tano, tisa, sifuri." Kisha akainama juu ya tairi jipya. "Tano, sifuri. Kistari. Tano, tano, tisa." Akainua kichwa akasema, "Baba watoto, usimgombeze kijana. Haya ni matairi mawili mbalimbali. Hili ni 590. Hili ni 559."

Mama yule alisema kweli. Kila tairi lina majina mawili. Jina la kwanza ni la inchi, kama 26 au 28. Jina hili ni la mazoea, na linadanganya. Jina la pili ni namba mbili zenye kistari katikati, kama 37-590. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta. Namba ya pili ni kipimo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, kwa milimeta. Namba hii ya pili haidanganyi. Ikiwa namba ya pili ya tairi lako la zamani na ya tairi jipya ni moja, tairi litakaa kwenye rimu. Zikitofautiana, halitafaa, hata kama yote mawili yameandikwa 26. Angalia pia ile namba ya upana, maana tairi pana mno linaweza kugusa fremu au madigadi.

Kata orodha hii uitunze, au inakili katika daftari lako:

28 x 1½ (baiskeli nyeusi za zamani): 635
27 x 1⅜ (mtumba wa Japani): 630
28 x 1.75 (mtumba wa Ulaya): 622
29 (baiskeli mpya za mlimani): 622
26 x 1⅜ (mtumba wa Japani): 590
27.5 (baiskeli mpya za mlimani): 584
26 x 1.95 (baiskeli za gia): 559
24 x 1.95 (za vijana): 507
20 x 1.75 (za watoto): 406

Tazama orodha vizuri. Rimu ya baiskeli nyeusi iitwayo 28 ni kubwa kuliko rimu ya ile mpya iitwayo 29! Tena kuna 28 mbili zisizolingana, na kuna 26 mbili zisizolingana. Asiyesoma ataumia. Anayesoma hatauziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, familia ile ilipata hasara? Ndiyo. Asubuhi ilibidi wakodi bodaboda kupeleka nyanya, na nauli ikala faida yote ya gulio lile. Lakini tairi lilikuwa halijatumika, na mwenye duka alikubali kulibadilisha. Safari hii kijana alikwenda na karatasi mfukoni. Mama alikuwa ameandika juu yake: 37-590.

SPEA KWANZA

Kwa hiyo kabla ya kununua baiskeli yoyote, nenda kwanza kwa fundi wa kijiji chako. Mwamkie, kisha mwulize: "Matairi ya namba gani yanapatikana katika duka la karibu? Tyubu je? Spoki za urefu gani unazo?" Gurudumu zuri lisilo na tairi ni pambo la ukutani. Baiskeli ya 27.5 au ya 29 inaweza kuwa nzuri sana, lakini kama tairi lake linapatikana Dar es Salaam tu, utaisukuma kwa mkono.

Uwe mwangalifu pia na baiskeli zenye springi kwenye uma wa mbele. Springi hupunguza mtikisiko ikiwa nzima na bora. Lakini springi za bei ndogo huongeza uzito, na zikilegea ni vigumu kupata spea kijijini. Kwa mkulima mwenye mzigo, uma wa kawaida ulio imara unatosha.

NANI ATAIPANDA?

Mara nyingi baba huenda dukani peke yake, akachagua baiskeli ya kimo chake. Ikifika nyumbani, mama haifikii, na watoto wanaipanda kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu. Hiyo ni hatari.

Baiskeli yenye magurudumu makubwa mara nyingi ina fremu ndefu. Kwa hiyo nendeni wote wawili. Kila mmoja asimame juu ya baiskeli, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Nyayo zote mbili ziguse ardhi bila kunyanyua visigino. Asiyeweza, baiskeli hiyo ni kubwa kwake. Kama mama ndiye atakayeitumia zaidi kwa maji, kinu na zahanati, basi kimo cha mama ndicho kipimo.

TUJUMLISHE

Ndugu msomaji, fuata hatua hizi:

1. Tazama njia yako. Kama ni tambarare, ndefu, yenye mashimo, gurudumu kubwa la 28 linafaa. Kama ni ya mlima na kona nyingi, gurudumu la 26 lenye gia na breki nzuri linafaa.

2. Tazama mzigo wako. Kagua spoki, rimu na keria. Keria nyembamba iondoe, uchomelewe nyingine imara.

3. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma.

4. Jaribu breki zote mbili. Pima rimu kwa sumaku.

5. Pima kimo cha kila mtu atakayeipanda.

6. Soma namba yenye kistari ubavuni mwa tairi. Iandike. Hakikisha tairi la namba hiyo linapatikana karibu.

7. Baada ya hayo yote, toa fedha. Dai risiti, uiweke pamoja na karatasi ya namba za tairi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa utataka kujua habari za yule baba wa mlimani. Alipona. Ile baiskeli nyeusi alimwuzia mkulima mmoja wa mpunga bondeni, na mpaka leo inamtumikia vizuri sana mkulima huyo. Yeye alinunua baiskeli ya gia ya mtumba, 26, namba 559, rimu za alumini. Safari hii hakuniuliza gurudumu lipi ni bora. Tulikwenda pamoja, tukahesabu meno, tukapima rimu kwa sumaku, naye akasoma namba mwenyewe. Kwenye mteremko mkali wa kwanza hushuka, akaikokota kwa mkono pamoja na mzigo wake. Nilimwuliza kwa nini, na breki ni nzuri. Akanijibu, "Bibi Shamba, breki ya kwanza ni akili."

Jibu lile ni zuri kuliko langu la zamani. Nakuachia hilo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Zungumzeni maswali haya darasani au nyumbani:

1. Kwa nini ungo ulipita juu ya kijiti, na mfuniko ulikwama?
2. Baiskeli ina meno 48 mbele na meno 16 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?
3. Tairi moja limeandikwa 47-622. Jingine limeandikwa 40-635. Yote yanaitwa 28. Je, yanaweza kuvikwa kwenye rimu moja? Kwa nini?
4. Katika kijiji chako, njia nyingi ni za bondeni au za mlimani? Ungemshauri jirani yako anunue baiskeli ya namna gani?
5. Nenda kwenye baiskeli iliyo karibu nawe. Soma namba yenye kistari ubavuni mwa tairi, uiandike hapa: ......... - .........

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza mnyororo, gololi na matairi ili baiskeli yako idumu. Kwaheri, na safari njema.

Ni mimi, Bibi Shamba wenu.